Mas-ala ya Tunda na Jina Lake

Mtu akiuza kitu kizuri, kisicho sumu wala uozo, akakiita kwa jina ambalo sheria imemruhusu kukiita, je, yumkini awe bado amemghuri mnunuzi? Wengi watajibu upesi kuwa haiyumkini. Nasi tungejibu vivyo hivyo, lau si khabari ya tunda moja la Marekani ambayo imetushughulisha sana katika darsa letu.

Tunda hilo ni bluberi: dogo, la mviringo, rangi yake samawati iliyoingia weusi, na juu ya ganda lake pana vumbi jeupe. Kichaka chake kina tabia ngeni. Mizizi yake haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingi hunyonyea chakula. Badala yake hushirikiana na kuvu wadogo waishio udongoni, hao wakakiletea chakula, nacho kikawapa sukari. Tena hakitaki ila udongo mchachu. Zamani watu walidhani hakilimiki kabisa, mpaka mtaalamu Frederick Coville alipobainisha, mwaka 1910, kuwa walikuwa wakikiharibu kwa wema wao wenyewe: walikipanda katika ardhi nono ya bustani, wakaitilia chokaa na samadi nyingi. Bibi Elizabeth White wa New Jersey akasoma maneno hayo, akamwandikia, wakafanya kazi pamoja. Akawalipa watu wa misitu ya misonobari wamtafutie vichaka vya mwitu vyenye matunda makubwa, na mwaka 1916 wakauza mavuno yao ya kwanza. Basi ustadi wote wa kulilima tunda hili ulianza siku mtu alipouelewa udongo wake.

Mwaka 1990 Wamarekani walitunga sheria ya kilimo hai, na ndani yake mkulima ametakiwa aweke mpango wa kuustawisha udongo. Lakini wako wakulima wakubwa ambao huifunika ardhi kwa kitambaa cha plastiki, wakapanga juu yake vyungu kwa maelfu, wakavijaza makumbi ya nazi yaliyosagwa (makumbi haya haya ambayo bibi zetu wa pwani waliyafukia na kuyapondaponda wapate usumba wa kamba), kisha wakakinywesha kila chungu maji na chakula kwa mipira. Matunda yake huuzwa kwa alama ile ile ya kilimo hai. Novemba 2017 baraza la kuishauri serikali juu ya kilimo hicho lilipiga kura. Shauri la kuzuia kilimo kisicho cha udongo likashindwa kwa kura 8 kwa 7. Mambo yakafika mahakamani. Mwaka 2021 hakimu wa San Francisco akahukumu kuwa lile sharti la udongo lamhusu mwenye kutumia udongo tu, na mwaka 2022 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Yaani mwenye udongo na autunze, na asiyekuwa nao hadaiwi! Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika mwaka huo huo wa 2022 inasema kinyume: mazao ya kilimo hai hayana budi kumea katika udongo ulio hai.

Hatupendi kumdhulumu mwenye vyungu. Naye ana hoja zake: si kila ardhi ni chachu, na mtu ambaye ardhi yake haimfai bluberi atafanyaje? Chungu humwepusha na maradhi ya udongo, na maji humfikia mzizi bila ya kupotea. Wala hatusemi kuwa mkulima mdogo ni mkweli kwa kuwa ni mdogo. Tumewaona wenye vikapu viwili wakidanganya kama wenye maghala.

Lakini twauliza: mnunuzi alipoongeza bei kwa ajili ya lile jina, alinunua nini? Ikiwa alinunua kukosekana kwa sumu tu, basi amepata haki yake. Walakini jina hili halikuwekwa kwa ajili ya tunda peke yake. Liliwekwa kwa ajili ya kazi. Mkulima wa udongo hutandaza magome na majani mwaka baada ya mwaka, akangoja, na tunda likishaliwa kazi yake hubaki ardhini kwa atakayelima baada yake. Katika Kiswahili twaijua maana hii kwa wepesi zaidi, kwani alama ya Afrika Mashariki ya tangu mwaka 2007 inaitwa Kilimohai. Na kilicho hai hapo ni nini, ikiwa udongo umefunikwa plastiki?

Samaki wa barafu si haramu. Huliwa, na watu hushukuru. Lakini mvuvi akimchanganya na samaki wa leo katika fungu moja, akanyamaza, hapana mtu wa mjini kwetu atakayesema kuwa yule hakughushi, hata ikiwa hakutamka uongo. Ndiyo maana sisi hatumtaki mwenye vyungu aache kazi yake. Twataka aandike juu ya sanduku lake kuwa matunda haya yameoteshwa chunguni, kisha mnunuzi akhiari. Ikiwa hoja zake ni njema kama asemavyo, kuandika hivyo kutamdhuru nini? Na ikiwa kutamdhuru, basi amekwisha kujua kuwa mnunuzi alidhani jambo jengine.

Mwaka 2018 baadhi ya wakulima wa udongo wa huko walianzisha alama yao ya ziada, Real Organic Project, yaani kilimo hai cha kweli. Twawaombea kheri. Ila neno hilo la mwisho limetuuma: aliyetimiza sharti tangu mwanzo ndiye leo anayelazimika kuongeza kuwa yeye ni wa kweli, na yule mwengine analitumia jina la zamani lilivyo, hakuongeza hata herufi.