Jina la Ndani ya Faili

Katika taarabu ya Unguja wimbo hupelekwa kwa mtu. Mwanamke akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, ukumbi mzima hutazama kainuka nani na ubeti uliokuwa ukiimbwa ni upi. Ndiyo maana mpiga kinanda akikosea wimbo harusini, samahani yake haitoshi, na kisa cha kijana mmoja wa Kikwajuni kinamhusu kila anayebeba nyimbo zake kwenye fleshi.

Kijana huyu alikuwa hodari. Kikundi chake hakikuwa na uwezo wa kuwalipa wapiga fidla na ganuni, basi sauti hizo alizipanga mwenyewe kwenye kompyuta na kuzihifadhi kuwa faili za MIDI. Faili ya namna hii haibebi sauti yenyewe. Inabeba maagizo tu: noti gani ibonyezwe, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo ni ndogo mno, na fleshi moja huchukua maelfu. Ukizitazama kwa nje zote zinafanana, kinachozitenganisha ni jina.

Alikuwa na wimbo wa kumpongeza biharusi, ameuita Pongezi. Baadaye akatakiwa wimbo wa vijembe vya wake wenza. Ili asianze upya, aliifungua Pongezi, akafuta noti zote, akapanga mpya, akahifadhi kwa jina la Ukewenza. Kinanda chake cha nyumbani kilionyesha Pongezi na Ukewenza kama alivyoandika, akatulia.

Harusi ikawa Mji Mkongwe, na ukumbini palikuwa na kinanda kingine. Biharusi alipoingia, kijana alizungusha kitufe mpaka kioo kikaandika Pongezi, akabonyeza. Ikatoka fidla ya Ukewenza. Muziki ule kila mwanamke mle ndani aliujua tangu mapigo ya mwanzo, na mama wa bwana harusi alikuwa amekaa safu moja na mke mwenzake. Mama akajitanda buibui lake akatoka. Kijana alizima, akazungusha tena, akakuta Pongezi ya pili.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wake.

"Shikamoo, maalim. Jina nililibadilisha kwa mkono wangu."

"Marahaba, mwanangu. Ulibadilisha la nje. La ndani je?"

Kanuni za faili za MIDI, zilizotolewa mwaka 1988, zimeweka nafasi ya jina mwanzoni mwa njia ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya maagizo. Kwanza huja alama FF 03, kisha idadi ya herufi, kisha herufi zenyewe. Vinanda vingine huonyesha jina la faili, lile unaloliona kwenye kompyuta. Vingine hupekua ndani na kuonyesha lililoandikwa humo. Ukiinakili faili ukaipa jina jipya, la ndani hubaki vilevile. Vivyo hivyo santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, zilikuwa na lebo katikati: ungeweza kuitia santuri kwenye jalada la mwimbaji mwingine, lebo isibadilike. Ila lebo ya kijana huyu ndiyo iliyokuwa ya uongo, na aliyeibandika ni yeye.

Aliporudi nyumbani akafanya haraka iliyomtia hasara ya pili. Aliifungua faili kwa programu ya kuandikia barua, akaliona neno Pongezi katikati ya alama zisizosomeka, akalifuta akaandika Ukewenza. Pongezi ina herufi saba, Ukewenza nane, na ile idadi iliyotangulia ilibaki saba. Kinanda kikasoma herufi saba, kisha ile a ya mwisho kikaichukua kuwa ni muda wa kusubiri, na kila agizo lililofuata likasomwa mahali pasipo pake. Faili ikakataa kupiga. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Jina la ndani hubadilishwa kwa programu ya kuhariri MIDI, kwenye jina la njia ya kwanza, na programu yenyewe huhesabu herufi upya. Liandikwe kwa herufi za kawaida, kwani jina la Kiarabu kwa herufi zake hugeuka alama za ajabu kwenye vinanda vingi, na hata ng' yenye kistari kilichopinda huweza kuharibika. Hapohapo ndani ipo nafasi ya haki za mtunzi, FF 02, ambayo wapangaji wengi huiacha tupu. Wanawadhulumu watunzi wetu. Aliyetunga atajwe.

Na vioo vya vinanda vingi ni vifupi. "Wimbo wa Harusi ya Kiunguja, Pongezi" na "Wimbo wa Harusi ya Kiunguja, Kuaga" zikikatwa huwa kitu kimoja. Neno la kutofautisha litangulie, kisha faili ijaribiwe kwenye kinanda cha ukumbini kabla wageni hawajaingia.