Kilimia Juu ya Kariakoo

JUMANNE

Soma Ayubu 38:1–7, 31–33. Ayubu aliuliza kwa nini amepoteza kila kitu. Kwa nini Mungu anamjibu kwa kumwuliza habari za nyota?

Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, Sabato ilipofungwa hapa Dar es Salaam, Zuhura ilikuwa upande wa magharibi, na Mirihi karibu nayo. Usiku huo huo Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Aliyefunga kizimba chake Ijumaa ili aitunze Sabato alipoteza mali sawasawa na aliyeuza hadi Jumamosi jioni.

Julai ni kipupwe. Masika yamekwisha, na anga huwa wazi mara nyingi. Ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri, wakati mizigo inashushwa, tazama kaskazini-mashariki: kile kifungu kidogo cha nyota ndicho Kilimia, na Orioni inachomoza nyuma yake. (Taa za Mtaa wa Msimbazi na maghorofa huzificha, tafuta mahali penye giza kidogo.) Wazee wa pwani walikijua vema. Huzama wakati wa masika, hupotea wiki kadhaa katika mwanga wa jua, kisha huzuka tena alfajiri mwezi Juni. Jina lake latokana na kulima, na watafsiri wa Biblia yetu walilichukua lilo hilo.

Basi alfajiri iliyofuata moto ule, Kilimia kilikuwa mahali pake. Aliyepoteza mtaji angeweza kuchukizwa na jambo hilo, kana kwamba mbingu hazikujali. Lakini Bwana hamwambii Ayubu kwamba msiba wake ni mdogo. Wala hasemi kwamba ni adhabu, kama marafiki walivyodai (linganisha Ayubu 42:7). Anamwuliza ni nani awezaye kukifunga Kilimia. Ayubu hawezi, naye awezaye amekuja mwenyewe kusema naye. Sababu ya msiba haitajwi popote katika sura ya 38 hadi ya 41.

Soma pia Ayubu 2:11–13. Marafiki walifanya nini kabla ya kufungua vinywa vyao?

Jadilini: Mshiriki wa darasa lenu amepoteza mtaji wote, na Sabato hii ameketi kiti cha nyuma kabisa. Mtamwambia nini kwanza, au mtanyamaza? Na ni nani atakayempelekea unga kesho?