Sulhu na Niya Iliyofichwa

Mwaka 1795 mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, alitoa kitabu juu ya amani ya daima baina ya mataifa. Sharti lake la kwanza ni hili: sulhu iliyofungwa na huku moyoni imefichwa sababu ya vita vya kesho si amani, ni kupumzisha silaha tu. Haki haikataliwi kwa kuwa msemaji wake ni mgeni. Nasi tunayo Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Abu Jandal alifika akikokota minyororo, naye Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwa Makureshi, kwani ahadi ilikwisha tolewa. Masahaba waliona uchungu mno. Sulhu ile ya miaka 10 ilivunjwa mwaka wa 8, wala waliovunja hawakuwa Waislamu, bali ni Banu Bakr, wenzi wa Makureshi.