Hila Katika Mashindano ya Mbwa

Katika nchi ya Uingereza wako watu washindanishao mbwa wao, si kwa mbio wala kwa kuwinda, bali kwa umbo na mwendo. Chama kisimamiacho mambo hayo, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873. Na maonyesho yaliyo mashuhuri kupita yote huko, yaitwayo Crufts, yalianza mwaka 1891. Kila aina ya mbwa ina maelezo yaliyoandikwa: kichwa kiweje, mgongo uweje, mkia uweje. Mwamuzi humpapasa kila mbwa, humtazama meno na kumwangalia akitembea, kisha humchagua yule anayekaribia zaidi maelezo yale.

Basi, penye zawadi hapakosi hila. Mtu ambaye mbwa wake ana mgongo uliobonyea hukata manyoya kwa ustadi ili mgongo uonekane umenyoka. Mwingine hupaka rangi penye doa, ingawa sheria yakataza. Mwingine hamgusi mbwa wake. Humkaribia mno mwenzake wakati wa kutembea, hata mbwa wa mwenzake aharibu mwendo. Ukimwuliza, atajibu, “Huo ni ujuzi wa mchezo tu.”

Hapa ndipo penye swali: ujuzi hukoma wapi, na udanganyifu huanza wapi? Kumwosha mbwa, kumchana na kumfundisha kusimama kwa utulivu si kosa, maana kazi hiyo humwonyesha jinsi alivyo. Lakini tendo ambalo kusudi lake ni kumfanya mwamuzi aamini jambo lisilokuwapo ni uongo, hata kama mdomo haukunena neno. Kipimo chake ni chepesi: je, ungethubutu kulitenda mbele ya macho ya mwamuzi, na kumweleza sababu yake? Mwuza ng'ombe ampaye mnyama wake chumvi ili anywe maji mengi na kujaa tumbo kabla ya mnada, hamwambii mnunuzi.

Tena dhuluma hiyo haiishi kwa washindani. Mbwa aliyeshinda hutafutwa ili azalishwe. Kwa hiyo kasoro iliyofichwa siku moja huweza kurithiwa na watoto na wajukuu wake.

Wala tusidhani kwamba kushika sheria kwatosha. Kwa miaka mingi pua fupi na ngozi yenye mikunjo zilisifiwa, na wafugaji wakazidi kuzitafuta, hata mbwa wengine wakawa wanapumua kwa shida. Mwaka 2008 filamu iliyoonyeshwa na BBC iliyafichua mambo hayo. Mwaka 2012 huko Crufts madaktari wa wanyama waliwakagua washindi wa aina 15 za mbwa, na washindi wa aina 6 wakazuiwa kuendelea, mmoja wao akiwa bulldog. Wako wenye mbwa walionung'unika sana, wakisema kwamba mwamuzi alikwisha kuwakubali. Lakini kukubaliwa na mwamuzi ni jambo moja, na afya ya mnyama ni jambo jingine.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbwa hajui kombe ni nini, wala hawezi kusema uongo. Husimama anapowekwa, kwa kuwa amemwamini bwana wake. Basi, msomaji, uongo wowote uonekanao uwanjani pale ni wa yule aliyeshika kamba.