Mvua ya Paa la Kanisa ni ya Nani?



Leo nina swali la kufuli. Wengi tumeliona: kigangoni kuna tangi la maji ya mvua, koki imefungwa, ufunguo anao katekista. Je, ni haki?

Kwanza hesabu kidogo, msikimbie. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ikifika milimita 500, linapokea lita 50,000, ingawa nyingine hupotea. Shida ni pa kuyaweka. Kule Dodoma mvua hunyesha Desemba hadi Aprili, halafu basi, na visima vingi vina chumvi. Tangi la lita 10,000 ukiligawa kwa siku 200 za kiangazi, unapata lita 50 kwa siku. Yaani ndoo mbili na nusu!

Kwa hiyo mimi kufuli silaumu. Bila hilo, tangi linakauka mapema na kila mtu anarudi kwenye chumvi. Na anayesema maji ya mvua ni ya bure hajawahi kununua bati, gata na saruji. Waamini walichanga.

Ila tulichonunua ni bati na tangi. Mvua hatukuichangia. Yesu alipotaka kutuonyesha kwamba Baba anawapenda hata wabaya, alitaja jua na mvua. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafika mbali zaidi: mwenye shida ya kufa na kupona akichukua cha mwenzake ili aishi, huo si wizi. Na Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, anayaita maji salama ya kunywa haki ya msingi ya binadamu. Haki jamani, sio zawadi ya kamati.

Sasa hizo ndoo mbili na nusu apewe nani? Mimi ningeanza na mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga, awe wa jumuiya yetu, awe Mwislamu, awe hajatoa zaka miaka mitatu. Daftari la zaka lisikae karibu na koki. Kanzu za watumishi zifuliwe kwa maji ya kisima (najua hapa mtaninunia).

Kuna atakayesema: tukigawa hivyo, mwakani nani atachanga? Hofu hiyo ni ya kweli. Basi huyo jirani naye tumwite Novemba, tupande naye juu kusafisha gata, na mvua ya kwanza ikija atusaidie kuyamwaga yale maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege.