Aliyeshindwa Kuacha Sigara

Hapa Mapinga, mtu akiapa mwezi wa Ramadhani kwamba sigara basi, kisha Idi mosi akaonekana anavuta, hapati wa kumtetea. Wanasema hana msimamo. Aliyeacha mara moja asirudie husifiwa, naye huipokea sifa kama haki yake.

Hukumu hiyo naiona nzito mno. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani, mtafiti Allan Collins na wenzake walitumia miaka mingi kupima nikotini kwa koo za panya wa maabara, kila ukoo panya wake wakifanana jeni kama mapacha wa kufanana. Kwa dozi ile ile, ukoo mmoja ulilegea na mwili kupoa, mwingine ukaathirika kidogo. Na panya wakiwekewa chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine yenye nikotini, weusi wa ukoo wa C57BL/6 huinywa nikotini. Wa DBA/2 huikwepa. Hapo huwezi kuzungumzia msimamo. Ndivyo walivyozaliwa.

Nasi tumo. Ini huivunja nikotini kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2A6, na jeni yake haifanani kwa watu wote; miongoni mwetu wenye asili ya Afrika ipo aina inayokipunguzia kasi. Mtu wa namna hiyo nikotini humkaa mwilini muda mrefu, na kwa kawaida huvuta chache na huacha kwa wepesi zaidi. Ambaye ini lake huimaliza upesi, hamu humrudia mapema. Huyo tunayemsifu huenda amesaidiwa na ini lake, wala hajui.

Lakini koo zote mbili za panya hao zilianzishwa na mwanasayansi wa jeni Clarence Cook Little, DBA mwaka 1909 na C57BL mwaka 1921, na mwaka 1954 Little akakubali kuwa mkuu wa sayansi katika kamati ya utafiti ya kampuni za tumbaku za Marekani. Kwa miaka mingi akashikilia kwamba haijathibitika kuwa sigara huleta saratani, na kwamba tuutazame urithi. Elimu inayopaswa kutufanya tumhurumie mvutaji ikageuzwa ngao ya muuzaji. Hilo linaniuma. Urithi haufungui pakiti dukani na kuuza sigara moja moja. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na anayempa mtoto sigara hiyo hawezi kujua ini lake ni la namna gani.