Garanti ya Miezi 3 na Mlima wa Golini

Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga barabara ni tambarare, na gari lenye ugonjwa laweza kukuficha mwaka mzima. Pinda Kombani uanze kupanda kwenda Kwale, ndipo litakapokwambia ukweli. Shemeji yangu aliambiwa ukweli huo pale Golini, nyuma amepakia wageni wanne wa hoteli moja ya Diani waliokuwa wakienda kuwatazama palahala wa Shimba Hills. Alikanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, ngurumo ikawa kama ya mashine ya posho, na gari lenyewe linatambaa. Bodaboda yenye magunia mawili ya makaa ikampita, dereva akageuka kumtazama.

Gari lilikuwa na wiki 5 tangu litoke yadi, Mombasa.

Usimwambie shemeji kuwa lilikuwa la mtumba. "Hili jipya, shemeji. Hakuna Mkenya aliyelikalia kabla yangu." Na kweli hakuna. Sisi upya wa gari tunausoma kwenye namba: tangu namba za KDA zitoke mwaka 2020, mtu akiona KD anahesabu herufi ya tatu, na kadiri inavyosogea mbele ndivyo anavyokupa heshima. Lakini gari lilisajiliwa Japani mwaka 2016, na alilinunua 2023. Shirika la viwango, KEBS, haliruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na mwaka ule yalikuwa yakipokewa ya 2016 kuja mbele. Kwa hiyo gari "jipya" la shemeji lilikuwa la rika la wazee kabisa walioruhusiwa kushuka bandarini. Hata garanti ya kiwanda, ambayo kwa Wajapani kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini na giaboksi, ilikuwa imekufa kabla gari halijapanda meli.

Alichokuwa nacho ni garanti ya muuzaji. Ilikuwa nyuma ya risiti, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha: injini na giaboksi, miezi 3. Shemeji alitia sahihi huku kijana wa yadi akimwita bosi na kumfungulia soda. Nilipomuuliza baadaye alielewa nini, alisema, "Nilielewa likiharibika wanatengeneza." Kijana yeye alielewa vingine, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Siku ileile ya Golini, wageni wakiwa wamekwisha kuhamishiwa gari jingine, shemeji alimtumia kijana sauti kwa WhatsApp. Alilalamika kwa Kidigo kilichochanganyika na Kiswahili, injini ikisikika ikilia nyuma yake. Jibu lilikuwa fupi: lete tulione. Kulipeleka ni kuvuka feri, na siku nzima ya kazi kupotea msimu wageni ndio wamejaa. Akalipeleka kwa fundi wake wa Ukunda.

Sitamsema vibaya fundi yule. Magari ya zamani anayajua kwa kuyasikiliza tu. Lakini giaboksi hii ilikuwa CVT. Ndani yake hakuna gia za kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka magurudumu mawili yanayoubana huku yakipanuka na kusinyaa, na oili yake ni ya aina yake, kwa kuwa kazi yake pia ni kuufanya mkanda ushike usiteleze. Fundi alimwaga oili ya zamani mtaroni, akajaza ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, nyekundu kama maji ya rozela. Siku mbili gari lilikwenda. Ya tatu lilitetemeka pale Kona ya Musa, likagoma.

Likafika yadi limefungwa kamba. Fundi wao alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akamwonyesha shemeji ule wekundu. "Hii si yetu. Umeshafungua." Ndiyo ikawa habari yote. Shemeji anasema liliharibika Golini, wao wanasema limeharibiwa Ukunda. Wakaongeza kuwa hata hivyo garanti ya giaboksi ni ya vyuma, si kompyuta yake wala vali zake. Hapo ndipo nilipoitwa, maana mimi kazi yangu ni kuandikia watu barua.

Niliona yadi imeshika nusu ya haki, na sikumficha shemeji. Oili ile ilikuwa kosa, na oili ya zamani, ambayo ingeweza kutoa ushahidi kwa rangi na chembe zake, ilikuwa imenywewa na mchanga. Lakini nusu nyingine ilikuwa yetu. Chini ya risiti waliandika kuwa gari limeuzwa kama lilivyo. Maneno hayo huwatisha watu bure. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora unaostahili, apende asipende, na kipengele cha kuifuta ahadi hiyo hakina nguvu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humbana mnunuzi aliyekagua kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuiona. Na nani aliyelijaribu gari lile angeona CVT inateleza, kwa kuzunguka Mombasa, mji usio na mlima kama wa Golini?

Tulichokosa kwenye oili tulikipata kwenye simu. Sauti ile ya WhatsApp ilikuwa na tarehe na saa, siku moja kabla fundi hajagusa kitu. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikataja sauti, nikataja mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Hatukufika huko. Mwenye yadi mwenyewe alipiga simu, akaanza kwa kumuulizia shemeji hali ya watoto.

Walikubaliana hivi: yadi itoe giaboksi nyingine, mtumba wa Japani, na shemeji alipe ufundi na oili, safari hii oili yenyewe. Alinung'unika njia nzima kwenye feri. Mimi niliona amepona kuliko alivyostahili.

Siku ya kulichukua, kijana alitoa kitabu cha risiti, akaandika: garanti wiki 4. Akamsukumia shemeji kalamu. Shemeji hakuishika.

"Wiki nne za nini, mwanangu?"

"Za giaboksi, bosi."

"Andika. Na kompyuta yake, andika. Na vali. Andika oili mliyotia jina lake, na nani anayelipa gari kuvutwa kutoka Ukunda."

Kijana akaandika, karatasi ikaanza kujaa. Akauliza kama yamekwisha.

"Bado. Andika Golini. Tunapanda wote sasa hivi, wewe ndiye dereva."